Kutembelea Antofagasta, Bandari ya Shaba Jangwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Antofagasta iko kaskazini mwa Chile, bahari ya Pasifiki mbele yake na jangwa la Atacama mgongoni. Wageni wengi hushuka uwanja wa ndege, wakapanda basi la kwenda San Pedro de Atacama, kijiji cha watalii, na kuuacha mji bila hata kuutazama. Ukurasa huu ni wa wanaotaka kubaki. Maswali ni yale ambayo ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Kongo huuliza kila wanapopanga safari hii, na majibu yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya hali zisizo za kawaida.

## Mambo ya msingi

Antofagasta ni mji wa namna gani?

Ni mji wa watu wapatao 400,000, makao makuu ya mkoa unaobeba jina hilohilo, na ndio moyo wa uchimbaji wa shaba nchini Chile. Umejengwa kwenye ukanda mwembamba kati ya bahari na vilima vikavu, kwa hiyo umerefuka kaskazini hadi kusini huku upana wake ukiwa mdogo sana. Kutoka katikati ya mji, ukitembea kidogo kuelekea magharibi unafika majini, na ukielekea mashariki unaanza kupanda mlima usio na jani.

Usitegemee mji wa kitalii. Hapa watu wamekuja kufanya kazi. Utaona pikapu nyekundu zenye mlingoti mrefu na kibendera juu, ili madereva wa malori makubwa mgodini waweze kuziona. Utaona mabasi ya wafanyakazi alfajiri, na wanaume na wanawake wenye mabegi wakisubiri kupelekwa zamuni. Wengi hufanya kazi siku saba mfululizo kisha hupumzika siku saba, na wengine hupanda ndege kurudi kwao Santiago au kusini zaidi kila zamu inapoisha.

Kuna haja gani ya kwenda huko?

Kwa sababu ni miongoni mwa mahali pachache duniani unapoweza kuona njia nzima ya madini, kutoka shimoni hadi melini, na pia kuona nani alilipa gharama. Anayetoka Lubumbashi, Kolwezi au Dar es Salaam ataelewa haraka. Dar hupokea shaba ya Zambia na Katanga, nchi zisizo na bahari upande huo. Antofagasta hupokea mizigo ya Bolivia, ambayo ilipoteza bahari yake hapahapa (tazama swali la vita, chini).

Ni kweli mvua hainyeshi?

Karibu ni kweli. Kwa wastani mji hupata milimita chache tu za mvua kwa mwaka mzima, na kuna miaka inayopita bila tone la maana. Chanzo ni mkondo baridi wa bahari uitwao Humboldt, ambao hupoza hewa ya chini na kuzuia mawingu ya mvua yasijengeke, pamoja na milima ya Andes inayozuia unyevu wa mashariki. Badala ya mvua, kuna ukungu mzito wa asubuhi ambao wenyeji huuita *camanchaca*.

Lakini jangwa hili halina joto kali pwani. Kiangazi, yaani Desemba hadi Februari, mchana huwa nyuzi joto 23 hadi 25 hivi. Julai huwa baridi, na usiku hushuka hadi 11 au 12. Beba sweta hata ukienda Januari, hasa kama utapanda milimani. Jua ni kali kuliko hewa inavyokudanganya, hivyo kofia na mafuta ya kukinga ngozi si anasa, hata kwa sisi wenye ngozi nyeusi.

Nikae siku ngapi?

Siku tatu zinatosha kuuona mji na pembezoni mwake. Ukitaka kuona mgodi wa Chuquicamata na vituo vya darubini, weka siku tano.

## Kufika na kuzunguka

Nafikaje kutoka Afrika Mashariki?

Hakuna ndege ya moja kwa moja. Wengi hupitia São Paulo, wakitokea Addis Ababa, Doha au Dubai, kisha Santiago. Wengine hupitia Ulaya, kwa mfano Paris au Madrid. Kutoka Santiago, ndege ya kwenda uwanja wa Andrés Sabella huchukua saa mbili hivi. Uwanja huo umepewa jina la mshairi wa mji huu, na uko kaskazini, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Basi kutoka Santiago lipo pia, kilomita zaidi ya 1,300, karibu siku nzima barabarani. Ni safari ndefu, lakini anayetaka kuelewa ukubwa wa jangwa hili hatapoteza muda wake.

Visa je?

Chile ina ubalozi Nairobi, na huko ndiko pa kuuliza kabla hujakata tiketi, kwa kuwa masharti hutegemea pasi unayobeba na hubadilika. Ukipitia Brazil, beba kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano. Unaweza kuulizwa unaporudi nyumbani.

Jambo moja huwapata wengi: Chile ni kali mno kuhusu vyakula mpakani. Matunda, mbegu, asali, nyama kavu na viungo visivyosagwa lazima uvitaje kwenye fomu. Ukivitaja, kibaya zaidi watavichukua. Ukivificha, utapigwa faini. Zile karanga mama alizokufungia uzitaje.

Usafiri wa ndani ukoje?

Kuna mabasi madogo yaitwayo *micro*, na kuna *colectivo*, teksi za kawaida zinazofuata njia maalumu na kubeba abiria wanne kwa nauli ya kila mmoja. Aliyezoea daladala au matatu hatahitaji somo. Kwa vivutio vya nje ya mji, kodi gari au jiunge na watembezaji, kwa kuwa usafiri wa umma haufiki sehemu nyingi.

Malazi ni ghali?

Ndiyo, kuliko unavyotegemea kwa mji usio wa kitalii. Makampuni ya migodi huchukua vyumba vingi siku za kazi. Weka nafasi mapema, na ukiweza ulale mjini mwishoni mwa juma. Umeme ni volti 220, lakini soketi ni za matundu ya mviringo, kwa hiyo plagi zetu za miguu mitatu bapa zinahitaji adapta.

## Historia utakayoiona kwa macho

Mji ulianzaje?

Mwaka 1866 Juan López alikuwa akiishi kwenye hori hili na kutafuta madini, na mwaka huohuo José Santos Ossa alikuta shura huko Salar del Carmen, mashariki ya pwani. Shura ni chumvi ya nitrati. Ilihitajika Ulaya kwa mbolea na kwa baruti. Mwaka 1868 mji uliundwa rasmi, nao ulikuwa mali ya Bolivia.

Gati la zamani la mbao na chuma, la mwaka 1872, bado lipo katikati ya mji. Simama pale kisha geuka nyuma: utaona jengo la mbao la forodha, ambalo lilijengwa kwanza Mejillones na kuhamishiwa hapa mwaka 1888. Sasa ni makumbusho ya mkoa. Ng'ambo ya barabara iko stesheni ya reli ya kwenda Bolivia. Gati, forodha na reli viko hatua chache kutoka kimoja hadi kingine, na ukisimama katikati yake unaelewa mji huu ulijengwa kwa ajili gani. Anza ziara yako hapo.

Vita vilivyowanyang'anya Wabolivia bahari vilianzia hapa?

Ndiyo. Mwaka 1878 Bolivia iliweka kodi ya senti 10 kwa kila kwintali (kipimo cha uzito) ya shura iliyosafirishwa na kampuni ya Kichile. Chile ilisema kodi hiyo inavunja mkataba wa 1874. Tarehe 14 Februari 1879 askari wa Chile waliteremka Antofagasta, ambako wakazi wengi walikuwa Wachile tayari. Peru iliingia vitani upande wa Bolivia kwa mkataba wa siri wa 1873. Chile ilishinda wote wawili.

Mkataba wa amani wa 1904 uliipa Chile pwani hii, na Bolivia ikapewa haki ya kupitisha mizigo yake bila kikomo katika bandari za Chile. Bolivia haijaridhika hadi leo. Ilipeleka kesi Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na tarehe 1 Oktoba 2018 mahakama ikaamua kwamba Chile hailazimiki kisheria kufanya mazungumzo ya kuipa Bolivia njia ya baharini. Ukikaa na Mbolivia mjini hapa, usilitaje jambo hili kwa wepesi. Kwao ni jeraha bichi.

Magofu ya Huanchaca ni ya nini?

Watu huyadhania ngome ya kale ya Wainka. La. Ni kiwanda cha kuyeyusha fedha, kilichojengwa kati ya 1888 na 1892 kwa ajili ya madini ya Pulacayo, Bolivia, yaliyoshushwa kwa treni. Kimepangwa kwa ngazi ngazi mlimani ili mawe yaingie juu na kushuka kwa uzito wake yenyewe kutoka hatua moja ya kazi hadi nyingine. Sogea ukutani uguse: mawe meusi yaliyochongwa kwa mkono, yakakaa sawasawa.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1902. Bei ya fedha ilishuka, na mgodi wenyewe uliingiwa na maji. Jengo kubwa namna hii lilifanya kazi miaka isiyozidi kumi na michache. Chini yake sasa kuna makumbusho ya jangwa la Atacama, yenye maelezo mazuri ya miamba na madini. Nenda saa za jioni, jua likiwa linapiga kuta kwa upande.

Na miji ya shura iliyoachwa?

Wanasayansi wa Ujerumani walipogundua namna ya kutengeneza nitrati kutoka hewani, na viwanda vyake vikaenea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, shura ya Chile ilikosa soko. Makumi ya miji ya wachimbaji ilihamwa. Chacabuco, kilomita 100 hivi kaskazini-mashariki, ni ya kuona kwanza: ilijengwa mwaka 1924 na kufungwa kabla ya miaka 20 kupita. Nyumba, uwanja na ukumbi wa michezo ya kuigiza bado vimesimama.

Ila Chacabuco si kivutio cha picha tu. Baada ya mapinduzi ya Septemba 1973, utawala wa kijeshi wa Pinochet uliifanya kambi ya wafungwa wa kisiasa hadi 1974. Kuna watu walio hai waliofungwa humo. Ingia kwa adabu kama unavyoingia makaburini.

## Migodi

Naweza kuuona mgodi wenyewe?

Chuquicamata, ndiyo. Uko karibu na Calama, saa tatu hivi kwa basi kutoka Antofagasta. Ni mali ya Codelco, shirika la serikali. Migodi mikubwa ya shaba ya Chile ilitaifishwa mwaka 1971, wakati wa rais Salvador Allende. Uchimbaji wa kisasa ulianza 1915, na shimo limefikia urefu wa kilomita 4 na zaidi, upana wa kilomita 3 na kina kinachokaribia kilomita moja. Ukisimama ukingoni, malori yanayobeba mamia ya tani kila moja yanaonekana madogo kama siafu. Tangu 2019 uchimbaji umeingia chini ya ardhi, chini ya shimo hilohilo.

Ziara huandaliwa na Codelco yenyewe, kwa siku za kazi na kwa kuweka nafasi mapema. Vaa viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu na mikono mirefu.

Sehemu ya ziara inayogusa zaidi, kwa maoni yangu, ni mji wa wafanyakazi uliokuwa kando ya shimo. Kwa sababu ya vumbi na moshi, na kwa sababu mgodi ulihitaji nafasi, familia zote zilihamishiwa Calama, na kazi hiyo ikakamilika miaka ya 2007 na 2008. Utapita mbele ya shule, maduka na bustani ya watoto, vyote vitupu. Msomaji wa Kolwezi, ambako mitaa imeondolewa kupisha shaba na kobalti, hatahitaji kuelezwa.

Na Escondida?

Escondida hutoa shaba nyingi kuliko mgodi wowote duniani, takriban tani milioni moja kwa mwaka. Uko kilomita zipatazo 170 kusini-mashariki ya mji, kwenye mwinuko wa mita 3,000 na zaidi, ukiendeshwa na kampuni ya BHP tangu uzalishaji uanze mwaka 1990. Si mahali pa mtu kujiendea tu. Lakini mwisho wa bomba lake utauona Coloso, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji: makinikia (mchanga wa madini usioyeyushwa bado) hushuka mlimani kwa bomba yakiwa yamechanganywa na maji, hukaushwa Coloso na kupakiwa melini. Hapohapo kuna mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, ambayo husukumwa kupanda hadi mgodini. Shaba inashuka, maji yanapanda.

Watanzania tuliobishana sana kuhusu makinikia mwaka 2017 tutapata la kujifunza hapa, kwa kuwa Chile nayo husafirisha sehemu kubwa ya shaba yake ikiwa makinikia, na swali la kuyeyushia nyumbani halijaisha kwao pia.

Uchimbaji umewadhuru wenyeji?

Umewadhuru, na yeyote atakayekutembeza bila kulitaja hili amekunyima nusu ya habari.

Mwaka 1958 mji uliokuwa na kiu uliletewa maji ya mto Toconce kutoka Andes. Maji yale yalikuwa na aseniki, sumu ya asili ya miamba, zaidi ya mikrogramu 800 kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani leo ni 10. Watu wakayanywa, wakawapikia watoto, hadi mtambo wa kusafisha ulipowekwa mwaka 1970. Saratani za mapafu na kibofu ziliongezeka sana, na zikaendelea kuua miongo mingi baadaye, wakiwemo waliokuwa watoto wachanga wakati ule. Kwa haki, aseniki hiyo haikumwagwa na mgodi. Lakini mji mkubwa uliwekwa mahali pasipo maji kwa ajili ya madini, na waliounywesha hawakupima vya kutosha.

Madini ya risasi ni habari nyingine. Miaka ya 1990, watoto walioishi karibu na yalikolundikwa madini ya risasi yaliyoletwa kwa treni kutoka Bolivia walikutwa na risasi nyingi damuni. Baadaye wakazi wakaandamana dhidi ya maghala ya makinikia bandarini, katikati ya mji, karibu na shule.

Basi maji ya bomba yananyweka leo?

Ndiyo. Sehemu kubwa ya maji ya mji sasa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Mtambo wa La Chimba ulianza mwaka 2003. Ladha yake wengine hawaipendi, na wenyeji wengi hununua ya chupa.

## Kula, kuona na kupumzika

Nile nini, na wapi?

Samaki, na sokoni kwa wavuvi, karibu na gati la zamani. Fika asubuhi. Muuzaji anapasua samaki mezani na kutupa matumbo majini, na kabla hayajazama simba wa bahari, mnyama mkubwa na mzito, ameshayadaka. Ndege wakubwa aina ya mwari nao husimama kando, shingo zimekunjwa, wakingoja zamu. Agiza *ceviche*, samaki mbichi aliyeiva kwa ndimu, au *reineta* wa kukaanga. *Empanada* za vyakula vya baharini zitakukumbusha sambusa, ila ni kubwa na hazina pilipili. Kama unapenda ukali, beba pilipili yako ya unga, na uitaje mpakani.

Mwislamu atapata shida ya nyama halali; samaki watamtosha. Msikiti wa Bilal uko Iquique, kilomita 400 hivi kaskazini.

Nione nini nje ya mji?

La Portada, tao la mwamba lililochongwa na bahari, lenye kimo cha mita 43, kilomita 18 kaskazini. Litazame kutoka juu. Ngazi ya kushukia ufukweni imefungwa kwa sababu mawe huporomoka. Njia hiyohiyo ina mnara unaoonyesha Tropiki ya Kaprikoni inapopita.

Kusini, kilomita 75 kwa barabara kuu, unakutana na mkono wa saruji wa mita 11 ukichomoza mchangani, kazi ya mchongaji Mario Irarrázabal ya mwaka 1992. Ukiendelea utafika Paranal, kituo cha darubini cha ESO, shirika la Ulaya la kuchunguza anga, kwenye mwinuko wa mita 2,635, chenye darubini nne za kioo cha mita 8.2. Zimepewa majina ya Kimapuche: Antu, Kueyen, Melipal na Yepun. Ziara ni bure, Jumamosi mchana, kwa kuweka nafasi mtandaoni. Usiku hawapokei wageni.

## Usalama na hali zisizo za kawaida

Ni salama kutembea?

Mchana, katikati ya mji na barabara ya ufukweni, ndiyo. Usiku tumia teksi, na simu iwe mfukoni. Mitaa ya mabati vilimani ni makazi ya watu wanaojitafutia, wengi wao wahamiaji. Usiende kuwapiga picha kama maonyesho.

Mtu mweusi atapokelewaje?

Wengi watakudhania Mkolombia au Mhaiti, kwani wahamiaji wameongezeka sana kwa sababu ya kazi za migodi. Utakutana na ukarimu, na mara nyingine utatazamwa vibaya au kujibiwa kwa mkato. Ukisema umetoka Tanzania au Kenya, mazungumzo hubadilika na maswali huanza. Kiingereza hakiendi mbali. Jifunze Kihispania cha salamu na bei.

Tetemeko likitokea nikiwa ufukweni?

Usingoje king'ora, kwa kuwa tsunami, yaani mawimbi makubwa ya bahari, inaweza kufuata. Kama mtikisiko ni mkali kiasi cha kushindwa kusimama, ukitulia tu ondoka kwa miguu kupanda mlimani hadi mita 30 juu ya usawa wa bahari, ukifuata vibao vya *vía de evacuación*, yaani njia ya kukimbilia usalama. Tetemeko la tarehe 30 Julai 1995 lilikuwa na ukubwa wa 8.0.

Na mvua ikinyesha kweli?

Ichukulie kwa uzito, hata kama ni manyunyu. Udongo haujazoea kunywa maji, na mabonde yote hushukia mjini. Tarehe 18 Juni 1991, mvua ya saa chache ilileta maporomoko ya tope yaliyoua watu zaidi ya 90. Kaa mbali na mabonde, na uahirishe safari za barabarani.

Naweza kuendelea Bolivia kwa treni?

Kwa treni hapana. Reli kutoka Antofagasta ni ya mizigo tu, na utaiona ikipita mjini na mabamba ya shaba juu ya mabehewa. Chukua basi hadi Calama, kisha basi la kwenda Uyuni kupitia mpaka wa Ollagüe. Mpaka huo uko juu ya mita 3,600, kwa hiyo lala usiku mmoja au miwili Calama au San Pedro kwanza ili mwili uzoee, kunywa maji mengi, na uwe na nguo nzito. Kagua masharti ya visa ya Bolivia kabla hujaondoka pwani.